Mafuta ya Mbuzi Juu ya Kimondo

Jumatano, Lodwar

Kumbe ule wekundu haukuwa wa jiwe.

Wiki tatu nimelinganisha mwanga unaoakisiwa na kimondo hiki na ule wa asteroidi moja nyekundu huko angani, nikaona unafanana kabisa. Nikamwandikia profesa wangu kwamba nimejua kilikotoka. Nilijivuna mno.

Leo nimeenda Lopur kumsalimia Mama Akiru, mfugaji aliyekiokota. Nikamuuliza kama aliwahi kukiosha.

"Kuosha? Hapana, mwanangu. Hii ni mgeni, imetoka juu. Mgeni tunapaka mafuta ya mbuzi na udongo nyekundu, ndio ikae vizuri."

Kazi yote imekwenda na maji. Profesa bado sijamwambia, naogopa. Na itabidi nikivunje nipime ndani, sasa Mama Akiru nitamwambia...

Aliponiona nimenyong'onyea, alichovya kidole kwenye kibuyu chake cha mafuta na udongo ule akanipaka kwenye paji la uso. "Na wewe ukae vizuri."

Sijanawa. Nimechoka. Nikijiweka mbele ya kifaa cha kupimia mwanga sasa hivi, nami nitaonekana nimetoka kwenye asteroidi ile ile.