Mechi ya Mwisho kwenye Barafu

Mikindani,
Jumatatu asubuhi

Mwanangu Randu,

Bwana asifiwe. Sauti imenikauka kwa vigelegele, ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia. Jana tulijaa kwa Mama Lenox, jirani mwenye televisheni kubwa, kuona mechi yenu ya mwisho ya msimu huko Finland. Ulisema bega limepona, nikakuamini.

Kumbe hoki ya barafu ni vita! Ulipomwangusha yule mtu wao, refa alikutoa ukafungiwa pembeni kwa dakika mbili. Shangazi yako Sarah akapiga kelele, "Wifi, mwanao kawekwa kwenye kabati la vioo kama mahamri!" Mimi nikadhani umeshikwa na polisi, nikaanza kuomba kwa sauti. Hata sijafika amina, dakika zako mbili zimekwisha, umetoka mbio ukafunga bao! Babako, asiyecheka ovyo, alimkumbatia mchungaji.

Mabingwa, mwanangu! Mtaa mzima sasa waniita Mama Bingwa.

Lakini mlipopewa kombe nilikuona. Wenzako walilinyanyua kwa mikono miwili, wewe kwa mmoja. Watu walikuwa wakicheza, hawakuona. Babako sijamwambia.

Umesema Ijumaa unatia sahihi mkataba wa msimu mwingine. Usitie kabla daktari hajaliona hilo bega, na umwambie ukweli kama unavyoniambia mimi. La, mwambie zaidi ya unavyoniambia mimi.

Anayekungoja urudi na mikono yako yote miwili,

Mamako, Dorcas