Chai ya Bungoma na Udongo wa Baba

Nduta Ngige,
S.L.P. 88, Saboti,
Kitale.
14 Septemba 2025.

Mpendwa ndugu yangu Muturi,

Pokea salamu kutoka Saboti. Habari za Perth? Natumai wewe, mkeo Gladwell na mtoto hamjambo, na kazi inaendelea. Huku mahindi yamekomaa na sisi tu wazima, isipokuwa magoti ya mama, ambayo yamefura tangu siku ile uliyotuita Bungoma kunywa chai. Salamu zimekwisha, sasa nisikilize.

Nimekukasirikia, Muturi. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu huwa unasema mtandao ni mbaya, halafu unakata.

Baba alipofariki Februari, ulimzika ukiwa kwenye simu. Hatukukulaumu, maana nauli ya ndege si nauli ya bodaboda. Lakini unajua kwetu kila mtoto humwaga udongo wake kwa mkono wake. Ndiyo maana mama alikataa kaburi kupigwa simiti hadi uje umwage wako. Mvua ilipoanza likawa linabonyea, nami nikalijaza kwa jembe kila wiki, majirani wakinong'ona kwamba tumemtupa mzee.

Mwezi uliopita ukasema uko Bungoma kwa mkutano wa kazi. Mama alifagia njia ya kaburini mwenyewe. Kumbe wewe ulikuwa umelipia meza ya chai hotelini! Ukatuambia tuje huko saa tisa alasiri, ati barabara ya Saboti ina matope. Basi mwanamke wa miaka sabini na sita ndiye aliyekanyaga hayo matope, akabadilisha gari Kitale, ili viatu vyako vibaki vyeupe.

Sitadanganya, ile hoteli ni nzuri. Keki zililetwa kwenye sahani za ghorofa tatu, ndogo ndogo, zingine zimemwagiwa chokoleti, na nilizila maana mwenye njaa hana miiko. Mama alipoona maziwa yameletwa kando kwenye kijagi, aliyamimina yote kwenye birika la chai, akafunika, akangoja. Kwake chai bila maziwa ndani ni maji ya kuosha sufuria. Wewe ukamwangalia mhudumu, mkacheka. Nilikuona.

Akaanza kufunga keki mbili kwenye karatasi ya kupangusia mikono, awapelekee wajukuu.

"Mathe, wacha bana," ukasema. "Hapa watu hawafungi."

Ni lini mama alikula kwa watu akarudi kwa wajukuu mikono mitupu? Alizirudisha kwenye sahani moja moja, na hakula tena.

Halafu akakuuliza polepole, "Si twende sasa, umwagie babako udongo? Jua bado iko."

Ukatazama saa. "Safari ijayo, mathe. Kesho niko na ndege."

Kisha ukampiga picha, na kabla hatujafika Kitale ilikuwa imeenea kote: "Chai na malkia wangu." Malkia gani, wewe? Mkataa kwao ni mtumwa, na wewe ulitukataa ukitabasamu.

Jana alikuja Wabwile, fundi wa simiti kutoka Chwele. Usidhani ni mimi niliyemwita. Mama ndiye aliyempigia. Kabla kazi haijaanza alipiga magoti, hayo hayo yaliyofura, akachota udongo, akaumwaga juu ya kaburi. "Hii ni ya Muturi," akasema. Akajipangusa mikono, akamwambia fundi aendelee. Kufikia saa kumi walikuwa wamemaliza. Nililia, na si baba niliyekuwa nikimlilia.

Kwa hivyo usinitajie tena safari ijayo. Ukija utakuta simiti.

Msalimie Gladwell, na umkumbatie kwa niaba yangu Ngige mdogo, aliyebeba jina la baba. Dada yetu Wakiuru na mumewe Gathii wanawasalimu sana. Mungu awalinde huko ugenini, na wewe akulainishe moyo. Mama ameketi hapa mbele yangu akichambua maharagwe. Nimemwuliza nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Nimemwuliza mara mbili. Amevuta ungo karibu, anaendelea kuchambua.

Dada yako, akupendaye hata kwa hasira hii,

Nduta