Pini ya Wegesa

Mdogo wangu Nyangeta,

Tangu tukuzike Butiama mvua zimeshanyesha, na mihogo uliyoipanda nyuma ya nyumba imeshika vizuri. Meza yako ya shanga iko barazani kwangu hapa Nyasura. Nilitaka kuwapa wanao, wakasema ibaki kwa mjomba. Kwa hiyo mimi, mwalimu mstaafu wa hesabu, ndiye ninayetunga shanga siku hizi. Cheka tu.

Nakumbuka ulivyoanza. Tulikuwa sokoni Musoma, wewe na magongo yako, ukainua hereni za shanga zenye umbo la twiga, ukamwuliza muuzaji, "Mama, twiga kapata hereni, sisi wa magongo lini?" Yule mama alicheka, ila wewe hukuwa unatania. Wiki ile ile ulitunga mwanamke mwenye magongo, ukaenda naye kanisani akining'inia masikioni. Wakafuata wengine: kiziwi aliyetaka mkono unaozungumza kwa ishara, fundi viatu na kiti chake cha magurudumu. Ulikuwa ukisema mtu akijiona kwenye kitu kizuri anaacha kujificha. Nilikuitikia kwa adabu. Sikukuamini sana.

Sasa nikueleze kosa langu. Uliacha oda moja, ya Wegesa, yule binti mwenye ualbino wa mtaa wetu. Alitaka pini ya kifuani yenye sura yake. Miaka yote amekuwa akiimba mstari wa nyuma wa kwaya, kofia imeshuka hadi machoni, na safari hii alikuwa amepewa kuongoza wimbo kwenye mkutano wa kwaya Musoma. Ulipoondoka akaanza kusema hawezi. Nikaona nikiimaliza pini atapata moyo. Nilikaa nayo siku tatu. Uso niliutunga kwa shanga nyeupe pe, kila mstari kwa hesabu, nikajisifu.

Wegesa akaitazama, akanirudishia mkononi. "Mwalimu, huyu ni mzimu. Ndivyo wananiitaga."

Nilikosa pa kuuweka uso wangu, Nyangeta. Miaka yote nimefundisha kwamba jibu hutafutwa ndani ya swali, na mimi sikumtazama mtoto hata mara moja. Nilikata uzi mbele yake. Nikamwaga shanga zako zote kwenye ungo, nikamwomba achague mwenyewe. Alizipanga moja moja juu ya mkono wake: krimu, waridi kidogo, njano ya nywele. Kisha akaokota punje za kahawia. "Na madoa ya jua uyaweke. Ni ya kwangu." Tukatunga pamoja, yeye akinisimamia: "Aah, babu, pua hiyo umempa ya nani?"

Kule Musoma aliivaa. Alisimama mbele ya ukumbi mzima, amevua kofia. Ubeti wa kwanza sauti ilitetemeka. Wa pili ukapanda hadi watu wakasimama. Ningekuwa na namna ya kukuita uje usikie...

Tukiwa tunatoka, mama mmoja kutoka Mugeta alinishika mkono. Ana binti mwenye ualbino ambaye hatoki nje wageni wakija. Akataka nimtungie pini, atampelekea. Nikamwambia hapana, aje naye.

Pumzika, mdogo wangu. Nakuahidi sitatunga tena uso wa mtu ambaye hajakaa mezani nami. Binti wa Mugeta anakuja Jumamosi. Amekubali.

Kaka yako