Kaka Yangu Anamtoa Mchezaji Niliyemlea

Mpendwa Mshauri, nakuandikia huku mwanangu Halya, wa miaka minne, amejiingiza sasa hivi kwenye mfuko wa vifaa vya Tanner pale mlangoni, amelala juu ya soksi zinazonuka, amejivutia zipu mpaka shingoni, anasema Tanner akipelekwa na yeye apelekwe, na mimi sijui nicheke au nilie, naomba unisaidie.

Tanner si wa kumzaa. Anacheza hoki ya barafuni katika timu ya vijana ya mji wetu, walimchagua akiwa bado shuleni kwao Manitoba, wakamleta kwangu akiwa na miaka kumi na sita, mwembamba kama gongo lake, na kazi yangu mimi mama mlezi ni kumlaza, kumlisha na kumwamsha, na nimefanya hivyo misimu mitatu, Halya amejifunza kutembea akishika suruali yake, sasa kijana ana miaka kumi na tisa na mabega hayapiti mlangoni.

Shida ni kaka yangu Taras, meneja wa timu. Tunafungwa kila wiki, kwa hiyo anasema anaijenga timu upya, maana yake wakubwa anawatoa kwa timu zinazotaka kombe mwaka huu, na yeye anapewa zamu za kuchagua chipukizi miaka ijayo. Jumapili alikuwa jikoni kwangu anaongea na simu nikasikia jina la Tanner. Nikamwambia, "Taras, huyo ndiye peke yake anayefunga mabao!"

"Ndiyo maana wanamtaka, Larissa. Aliyeiva ndiye anayetolewa."

"Kwa hiyo mimi hapa nafuga?"

"Unafuga vizuri sana," akasema, akajiongezea krimu kwenye kahawa. "Ila usimwambie mpaka nimalize." Kumbe Halya alikuwa chini ya meza.

Hapo nikafanya ujinga. Jumatano wasaka vipaji wa timu inayomtaka walikuja kumtazama, nikawaza akicheza vibaya hawatamtaka tena. Siku ya mechi huwa anakula makaroni kidogo na kuku, halafu analala. Mimi nikampikia perohi, yale maandazi ya kuchemsha ya kwetu yaliyojazwa viazi na jibini, na vitunguu vya siagi, na soseji, nikawa namwekea tu mpaka akalegeza mkanda, akauliza, "Mama Halya, leo sikukuu gani?" Nikasema, "Sikukuu ya Jumatano, kula." Nikaenda kukaa jukwaani nikisubiri azame. Mshauri, alifunga mabao matatu! Watu wakatupa kofia zao kwenye barafu kama ilivyo desturi mtu mmoja akifunga matatu, mpaka mume wangu akatupa ile niliyomfumia mwenyewe, na Taras akapanda ngazi mbio kunibusu, "Dada, walikuwa wanatoa zamu mbili, sasa wanatoa tatu! Ulimlisha nini?"

Sasa Taras anamaliza mambo Jumatatu na Tanner hajui lolote, nikimwambia nimemsaliti kaka yangu, nikinyamaza huyu kijana atanionaje, na Halya mdomo wake hauna kifuniko, ndiyo maana nilikuwa nafikiria nimketishe leo nimwambie kwamba, ngoja, Tanner ananiita, anasema mfuko wake unapiga chafya na anachelewa mazoezi, anauliza nani

MSHAURI ANAJIBU

Mama mlezi, barua yako imekatikia hapo, natumaini mtoto ameshatolewa mfukoni. Majina nimeyabadilisha, lakini kofia zile hazifichiki, na gazeti hili likifika kwenu asubuhi hii mji mzima utajua ni nani. Kwa hiyo hata chai usimalize.

Nakuelewa. Umemlea mtoto wa mtu mpaka nyumba imemzoea, halafu anakuja meneja wa timu anamtoa kama kabati. Inauma. Lakini perohi, mama! Kijana anatafuta maisha yake kwa miguu, wewe unampakia viazi miguu izame? Angekosa mabao, wale wasaka vipaji wangeandika ni mzito, na neno hilo lingemfuata mpaka kwenye timu za wakubwa. Hukuwa unamlinda yeye. Ulikuwa unajilinda wewe.

Tena nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta Tanner mwenyewe anataka nini. Sikuona. Kila siku unamwuliza kama ameshiba, hujawahi kumwuliza kama anataka kombe.

Mpigie kaka yako sasa hivi. Aje kabla ya jioni, avue viatu, aketi mezani kwako amwambie Tanner usoni, yeye mwenyewe, si kwa simu. Habari hii ni yake, asikubebeshe wewe. Akianza kukupiga chenga, mwambie kitanda chako hakina nafasi ya chipukizi wake mpya, tuone atawalaza wapi hao anaowajengea timu. Na usiku usiingie kabla kijana hajajua, hata kama itabidi umwambie wewe.

Akisema hataki kwenda, simama naye mbele ya Taras. Akisema anataka, meza machozi, umfungie chakula cha njiani, chepesi. Halya naye mwambie kwa maneno machache: Tanner anahamia timu nyingine, hajakukasirikia.

Siku ya kuondoka lia, una haki. Lakini lilia ndani ya nyumba, usimfuate mpaka dirishani mwa gari. Barabara za Januari ni barafu tupu, na anayeendesha anatakiwa aone mbele.