Waya Nilioufunga Kwenye Hita

Mpendwa Shangazi Nedra,

Nakuandikia nikiwa nimejifungia kwenye gari letu la kuvutia trela, karatasi iko juu ya usukani, kwa sababu mke wangu Ardis akiniona naandika atauliza naandika nini, naye kila Alhamisi hukata safu yako ya ushauri gazetini kwa mkasi na kuibandika kwenye friji, kwa hiyo nisaidie, ila jina langu usilitaje.

Sisi ni watu wa Minnesota, tumestaafu, tuliuza nyumba miaka miwili iliyopita tukanunua trela ya kuishi, na theluji ikianza kule tunashuka huku jangwani Arizona kupiga kambi na wazee wenzetu, na mimi, Shangazi, kwa miaka thelathini na mmoja kazi yangu ilikuwa hita, nimefunga hita za nyumba, za shule na za makanisa matatu, na hapa kambini sijaacha mtu asilijue hilo. Sasa tangu mwaka mpya hita ya trela yangu mwenyewe imenigomea. Feni inaanza, cheche inapiga, moto unawaka, nahesabu moja mpaka nane, umezimika, na usiku wa jangwani ulivyo na baridi, asubuhi maji ya mbwa yameganda kwenye bakuli. Nimebadilisha mtungi wa gesi, nimesugua kile kijiti kinachohisi moto mpaka kikang'aa, nimechaji betri, wapi.

Jumamosi ya wiki iliyopita tulikuwa tunakula pamoja kambini, kila mtu na chakula chake alicholeta, Ardis akawaambia watu kwamba kwetu tunalala na kofia za sufu. Yupo mama mmoja, Verla, anatengeneza trela za watu, akaniuliza kwa upole tu, "Mzee mwenzangu, kwani chini ya kitanda mmeweka nini?" Ardis alikuwa amesimama palepale na bakuli lake la viazi, nami nikamjibu yule mama watu wote wakisikia, "Dada, mimi nilikuwa nafunga hita wewe ukiwa bado unafundishwa kufunga kamba za viatu." Watu wakacheka. Verla akasema, "Haya, fundi mkuu. Ikikushinda, mlango wangu ni ule wa kijani," akaendelea kula.

Nikueleze kwa nini lile swali lilinichoma. Tulipouza nyumba tulikubaliana kila mtu abaki na sanduku moja la vitu vyake, basi. Ardis aligawa piano na sahani za marehemu mama yake, akalia siku moja, kesho yake akafunga mizigo. Mimi nilimwambia zana zangu za kazi nimempa mpwa wangu. Nilimdanganya. Ziko chini ya kitanda, masanduku matatu, nyuma ya mablanketi, na kila asubuhi natandika kitanda mwenyewe ili asiinamie huko, naye anajisifu kwa wenzake kwamba amepata mume anayetandika.

Basi kesho yake, Jumapili, nilifanya jambo ambalo fundi wangu angelifanya ningemfukuza kazi kabla ya chakula cha mchana. Ndani ya hita kuna swichi inayozuia gesi kama feni haipulizi vya kutosha. Niliiruka kwa kipande cha waya, gesi ipite hata feni isipopuliza, moto ukakaa, nikamwita Ardis nikamwambia, "Si nilikwambia?" Baada ya hapo king'ora cha hewa ya sumu kikaanza kulia, nikasema hicho kimezeeka, nikakitoa betri nikaitia kwenye droo ya soksi.

Leo ni siku ya saba. Kila asubuhi Ardis anaamka kichwa kinamgonga. Watu wa kwetu hawalalamiki, ukimuuliza mtu hali atakwambia ingeweza kuwa mbaya zaidi, kwa hiyo Ardis akisema kichwa kinauma ujue kinauma. Upande wangu nafungua dirisha kidogo na kujidanganya kwamba inatosha. Juzi alimwita mbwa akalikosa jina lake. Akakaa kitandani akasema, "Nadhani ndiyo naanza. Kama mama." Mama yake aliishi miaka sita ya mwisho bila kumjua mtu. Na mimi, Shangazi, ninayejua hewa ile inafanya nini kichwani mwa mtu, nilimshika mkono nikamwambia, "Ni uzee tu, mke wangu, tunazeeka wote." Naona aibu hata kuyaandika haya. Nikianza na waya nitafika kwenye masanduku, nikianza na masanduku nitafika kwa Verla. Nianzie wapi?

Mwenye Haya, jangwani


Nedra anajibu:

Barua yako, ewe Mwenye Haya, niliikuta imesukumwa chini ya mlango wa ofisi leo Jumatatu asubuhi, na sikuimaliza kabla ya kuinua simu. Jina lako umelificha, lakini Verla umemtaja, na tangazo la Verla liko ukurasa wetu wa nyuma kila wiki. Kwa hiyo usiniulize uanzie wapi. Nimeshakuanzia. Aliyekuletea karatasi hii mkononi ndiye huyo, na anasubiri umpishe aingie.

Atafunga mtungi na kufungua madirisha. Atamtoa Ardis na mbwa, kisha mtakwenda wote zahanati mkapimwe damu, wewe pia, maana umeivuta hewa hiyohiyo. Waya atautoa yeye. Wewe usiuguse. Hita haiwashwi tena mpaka chumba chake cha moto kikaguliwe kama kimepasuka kwa joto na kuivujisha hewa hiyo, na ile betri irudi kwenye king'ora leo hii. Mtalala kwa Verla. Amesema ana nafasi, na wala hakusita kusema hivyo.

Sasa nisikilize. Mimi si fundi, ila nimeishi kwenye trela miaka kumi na tisa. Nyumba ulizozizoea zina mabomba ya kurudisha hewa kwenye hita. Trela yako huivuta kupitia kiwavu cha chuma kilicho chini ya kitanda, na wewe umekiziba kwa masanduku matatu ya vyuma. Feni ikakosa hewa, swichi ikakata gesi kama ilivyoundwa, nawe ukaifunga mdomo. Hita yako ilikuwa nzima mpaka ulipoitia waya. Verla aliuliza swali moja tu, na ulimtukana kwa sababu lilikuwa ndilo lenyewe.

Kuhusu zana nakuonea huruma, kweli. Miaka thelathini na mmoja haienei kwenye sanduku moja, na ungemwambia Ardis hivyo siku ile, huenda naye angebaki na sahani mbili za mama yake. Lakini huruma yangu inaishia pale ulipomshika mkono. Kuficha bisibisi ni utoto. Kumwacha mkeo aamini akili inamtoka, ili wewe usionekane umeshindwa na hita, hilo sina jina lake la kuandika gazetini. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe kifo chenyewe ulikuwa unamwachia mwingine.

Nimemwomba Verla amwambie Ardis jambo moja tu, kwamba hewa ya trela ni mbaya. Nani alifunga waya, nani alitoa betri, na kuna nini chini ya kitanda, hatayasema. Hayo ni yako. Anza hivi: "Huanzi kama mama yako. Ni mimi niliyekufanyia." Usimkatize akinyamaza, na usimwambie ingeweza kuwa mbaya zaidi. Kisha yatoe masanduku uyaweke mbele yake, yeye ndiye aamue yanakwenda wapi. Na Jumamosi, chakula kikiwa mezani na wale waliocheka wakiwa wamekaa, simama umwombe Verla radhi.

Barua yako naichapa yote. Gazeti linatoka Alhamisi, na Ardis mkasi wake anao. Una siku tatu za kumfanya ayasikie kwako kabla hajayakata kwangu.