Nilivyomweleza Shangazi Upasuaji Wake

Wee, daktari alipoeleza upasuaji wa shangazi wa kupunguza uzito, hakuna aliyemwelewa kama mimi.

Nimechoka hadi kope, siku ya tatu nalala kwenye kiti cha wodi. Shangazi kaniuliza, "Mwanangu, kesho watanifanya nini?" Nikamwambia, "Wanalibana tumbo kwa mkanda tu. Ukikukera, wanautoa."

Akatia saini fomu ya kukubali upasuaji. Yaani AKATIA SAINI!

Muuguzi akafungua pazia. "Mama, mkanda ni upasuaji mwingine. Wewe tunakukata sehemu kubwa ya tumbo, libaki jembamba kama ndizi, ushibe upesi. Kilichokatwa hakirudi."

Shangazi akainyakua fomu. "Lakini huyu ndiye aliyemsikiliza daktari!"

Muuguzi akanitazama weee. "Huyu? Daktari anaeleza, huyu anakoroma."