Laptopu Iliyogoma Kuwaka na Kava Niliyoishonea Mwenyewe

UMOJA WA MAFUNDI CHEREHANI WA GHOROFA YA PILI
KIKAO CHA 14, KILICHOKAA JUMAMOSI ASUBUHI
Mahali: chumba cha kukatia, kwenye meza kubwa, vitambaa vimesukumwa pembeni.

WALIOHUDHURIA
Mwenyekiti, fundi suruali.
Bibi Vifungo, mtoboa matundu ya vifungo.
Katibu, fundi sare. Alikuwepo ila kanyimwa kalamu, maana ndiye anayejadiliwa.
Babu Suti, yaani mimi, mwandishi wa leo.
Mwalikwa: Fundi Simu wa pale chini ya ngazi.

ASIYEHUDHURIA
Fundi Mapazia, kwa udhuru. Yuko kwa mteja anapima madirisha.

KUMB. NA. 1/14: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa nne na robo akauliza nani ataandika. Watu wakatazama dari. Nikajitolea. Mwenyekiti aliagiza yaandikwe yaliyosemwa tu, bila chumvi. Iandikwe basi kwamba mimi herufi nimezisomea kwenye vibandiko vya roli za uzi, na bado nilimshonea bwana harusi suti kwa kumwona mara moja tu akivuka barabara, ikamkaa kama kazaliwa nayo. Mwenyekiti alisema hilo lisiandikwe. Limeshaandikwa, na kwa wino.

KUMB. NA. 2/14: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Hazikusomwa. Zimo ndani ya laptopu.

KUMB. NA. 3/14: LAPTOPU KUTOWAKA
Mwenyekiti alieleza kwamba mashine ya Umoja haijawaka tangu Jumatano, na ndani yake kuna vipimo vya watoto themanini na sita wa shule, ambao sare zao zinaanza kukatwa Jumatatu. Bibi Vifungo aliuliza zile karatasi za vipimo ziko wapi. Mwenyekiti alikohoa. Ilibainika kwamba karatasi zilikatwa kuwa vielelezo vya kukatia kola, kwa amri yake Mwenyekiti, kwa kuwa "sasa tuna kompyuta".

Katibu aliulizwa kaifanya nini. Alijibu kwamba Jumanne aliifunga nzima, Jumatano akaifungua, ikagoma. Mimi niliuliza kama hakuibeba kwenye mvua. Alisema hakukuwa na mvua. Niliuliza kama hakuiangusha. Katibu, ambaye ni binti wa dada yangu, alisema, "Mjomba, ungekuwa polisi ningeshakiri hata nisiyoyafanya." Kikao kilicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa naandika.

Fundi Simu alikaribishwa aipime mashine. Alichomeka chaja kwenye soketi ya pasi, akahamia soketi ya cherehani ya Mwenyekiti, kisha akajaribu kwa chaja yake. Kote taa ndogo ya pembeni iliwaka, kwa hiyo umeme unaingia. Alibonyeza kitufe. Mashine ilivuta pumzi kidogo, ikanyamaza. Alibonyeza tena, akakishikilia kitufe huku Bibi Vifungo akihesabu hadi thelathini. Ikavuta pumzi, ikanyamaza. Akamulika kioo kwa tochi, aone kama kuna picha iliyofifia. Hakuna kitu. Wajumbe wote walikuwa wameinama juu ya meza, hata Mwenyekiti, ambaye huwa hainami kwa sababu ya mgongo.

Fundi Simu alisema, "Haijafa hii. Inaamka halafu inarudi kulala, kama mtu kaiambia lala." Akaomba kava ivuliwe aone tumbo la mashine.

Hapo mimi nilipinga. Kava hiyo niliishona mwenyewe Jumanne jioni, zawadi kwa Umoja, kwa kitambaa cha suti na bitana ya hariri. Nimeishonea juu ya mashine yenyewe, haina zipu, haivuliwi. Nilieleza kwamba mshono wangu haujawahi kufumuliwa na mtu tangu nianze kazi. Bibi Vifungo aliuliza, je, hata ule wa koti la daktari wa meno? Nilisema ule haukufumuliwa, ulipanuliwa.

Fundi Simu alisema kama hairuhusiwi kuvuliwa, basi atasema bodi imekufa aende zake. Mwenyekiti alisema kama bodi imekufa, tuingie Na. 4/14, Katibu avuliwe cheo. Katibu alikuwa anakunja futi kamba yake kidogo kidogo, kama anayefungasha.

Bibi Vifungo aliinuka ampe Katibu kiti. Katika kuinuka, kiganja chake kikapiga kikopo cha pini, pini zikamwagika mezani. Nyingine zilitawanyika kama kawaida ya pini. Ila kama kumi hivi zilikimbilia ukingo wa mbele wa kava, upande wa kushoto, zikasimama wima kama nywele za mtu aliyeshtuka.

Bibi Vifungo alichomoa moja, akaiachia. Ikarudi palepale. Mwenyekiti naye akajaribu, mara tatu, bila sababu ya kikazi.

Fundi Simu aliuliza mle ndani kuna nini. Nilijibu kwamba sijui. Niliulizwa tena. Nilijibu kwamba kuna vifungo vya sumaku, vile vya mikoba ya kina mama, vinne, ili mfuniko wa kava ushike vizuri usipepee.

Fundi Simu alieleza kwamba mashine hizi hujua zimefungwa kwa kuhisi sumaku iliyomo kwenye mfuniko wao wenye kioo. Sumaku ikikaribia, kioo kinazima, mashine inalala. Hii imekaa na sumaku ubavuni tangu Jumanne jioni, inadhani imefungwa hata ikiwa wazi.

Mwenyekiti alinipa kiwembe. Nilifumua mwenyewe. Mshono ulikuwa mgumu sana, hilo nalo liandikwe. Sumaku ya nne ilipotoka, Katibu alibonyeza kitufe, na kioo kikawaka. Vipimo vyote themanini na sita vilikutwa.

KUMB. NA. 4/14: HOJA YA KUMWONDOA KATIBU
Mwenyekiti alimuuliza mtoa hoja kama bado ana hoja. Mtoa hoja ni mimi. Sina.

KUMB. NA. 5/14: MENGINEYO
Sumaku alikabidhiwa Bibi Vifungo, aokotee pini sakafuni. Iliamuliwa kava mpya ishonwe, yenye vifungo vya kawaida, na matundu atoboe yeye.

Nilipendekeza Na. 3/14 ifupishwe wakati wa kuchapa. Katibu, akiwa ameshakaa mbele ya mashine yake, alisema, "Nachapa kila neno, Mjomba. Na bwana harusi wako nitamwacha palepale alipo." Kisha akanyoosha mkono kuomba kalamu. Nitampa nikishamaliza mstari huu.

Kikao kilifungwa saa sita kasoro dakika kumi.

Mwenyekiti: (sahihi)
Mwandishi wa leo tu: Babu Suti (sahihi)
Imepokelewa na Katibu: (sahihi)